Ile "a" ya Coastal

Ngamiani, Tanga

Sahibu yangu,

Baada ya salamu. Ubishi wenu kuhusu jina la klabu yetu ya soka ya Tanga katika kijitabu mnachokiandika, kama ni Coastal Union au Costal Union, msiumalize kwa kuhesabu magazeti. Upande wa pili unajivunia kwamba "Costal" imetokea mara nyingi zaidi, lakini hiyo ni silaha butu. Matokeo ya mechi za uwanja wa Mkwakwani yalikuwa yakisomwa kwa simu hadi Dar es Salaam, na mdomoni hiyo "a" haisikiki kabisa. Isitoshe, habari moja ya SHIHATA, lililokuwa shirika la habari la taifa, ikichapwa na magazeti matatu, huyo ni shahidi mmoja.

Anzeni na vilivyotoka mikononi mwa klabu yenyewe: katiba, kadi za uanachama, muhuri, barua kwa chama cha mpira cha mkoa. Klabu ni ya 1948, na sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ni ya 1967, hivyo cheti cha BMT hakiwezi kuwa karatasi ya mwanzo. Kombe msiliamini sana. Fundi huchonga alichoandikiwa kwenye kikaratasi. Ukuta wa uwanja ndiyo kabisa, hupakwa rangi upya.

Utamu uko kwenye barua za taipu zilizofifia. Mashine hizo kwa kawaida hutoa nafasi sawa kwa kila herufi, "i" sawa na "m", kwa hiyo "a" ikifutika nafasi yake hubaki. Kwa mashine ya herufi 10 kwa inchi, Coastal huchukua karibu milimita 18, Costal 15. Mtego ni huu: zipo mashine za herufi 12 kwa inchi, na kwa hizo Coastal nayo hushuka hadi 15. Kwanza pimeni herufi 10 zilizo wazi kwenye mstari uleule. Zikifika milimita 25, ni mashine ya kwanza. Zikiwa 21, ni ya pili. Kwenye fotokopi sahauni milimita, maana ukubwa hubadilika. Linganisheni na mstari wa juu yake, herufi kwa herufi.

Muhuri nao hudanganya: wino hujaa kati ya "o" na "a" zikawa donge moja. Tafuteni uliogongwa wino ukiwa haba.

Mnaponakili msisahihishe. Aliyeandika "Costal" mwaka wa ubingwa, 1988, abaki hivyo, na tarehe pembeni. Mkifika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tafuteni tahajia zote mbili, na "Coast Union" pia.

Mimi nasimama na Coastal. Hiyo nyingine kwa Kiingereza ni habari za mbavu, na waasisi walikuwa watu wa pwani. Katika maneno yenu wenyewe kijitabuni andikeni hivyo mwanzo hadi mwisho. Jina la utani la klabu, Wagosi wa Kaya, bahati nzuri, halina ugomvi.

Rula iwe ya chuma. Hizi za plastiki za wanafunzi, sifuri yake mara nyingi haianzii ukingoni.

Wasalaam,
Mbaruku