Malalamiko: nakala tano mlizoniuzia kwa bei ya postikadi za asili

Mombasa

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bibi Meneja,

KUH: POSTIKADI SITA ZA WATOTO NILIZONUNUA KWENU

Tarehe 3 mwezi uliopita nilinunua kwenu postikadi sita za watoto kwa shilingi 15,000, yaani 2,500 kila moja. Tangazo lenu lilisema zote ni za asili, za Marekani, za mwaka 1904, kazi ya mchoraji Ellen Clapsaddle. Mzigo ulifika kwa wakati na ulifungwa vizuri, kwa hilo sina neno. Neno langu ni juu ya kilichokuwa ndani. Kadi ya asili ni moja tu. Tano zilizobaki ni nakala za juzijuzi.

Nakusanya postikadi za watoto tangu 2011, nilipokuta moja ndani ya kitabu cha mtumba sokoni Kongowea: kitoto kilichochorwa na Mabel Lucie Attwell, mashavu yamejaa kama maandazi, kazi ya wachapaji Valentine wa Dundee. Leo ninazo zaidi ya mia mbili. Naeleza haya mjue kwamba sikukurupuka. Nilikaa na kadi zenu siku tatu kabla ya kushika kalamu.

Kilichonishtua kwanza ni kona. Kadi ya msichana mwenye kapu la mayai ya Pasaka ina mkunjo chini upande wa kulia, na juu ya kofia yake kuna doa la kahawia, kama tone la chai. Nikapitisha kidole gumba juu ya mkunjo. Laini kabisa. Nikapitisha tena, nikaigeuza kadi: nyuma hakuna alama yoyote. Ule mkunjo umechapwa, na doa nalo limechapwa. Mtu alichukua picha ya kadi kuukuu, pamoja na makovu yake yote, akaitoa upya kwenye karatasi mpya.

Nikatoa lenzi. Kadi nyingi za enzi zile zilichapwa Ujerumani kwa mawe, kila rangi na jiwe lake, rangi moja juu ya nyingine. Nukta zake hazina mpangilio kwa sababu fundi alizitia kwa mkono. Kadi yenu ile moja iko hivyo hasa: shavu la mvulana, ukilisogelea, ni nukta za waridi zilizotawanyika kama mchele uliomwagika mkekani. Zile tano zina vijiduara vya samawati, waridi, manjano na nyeusi vilivyojipanga safu kwa safu, sawasawa na gazeti la leo asubuhi.

Bado sikutaka kuwadhulumu. Nikaenda kwa jirani yangu mwenye duka, nikaazima tochi anayokagulia noti bandia. Karatasi ya mwanzoni mwa karne iliyopita haing'ai chini ya mwanga ule, kwa kuwa haina dawa ya kung'arisha inayotiwa kwenye karatasi za siku hizi. Kadi ya mvulana ilibaki imefifia. Tano ziling'aa kama shati la shule siku ya Jumatatu.

Na mwaka wenyewe mlioutangaza haukubaliki. Nyuma ya kadi zote sita kuna mstari wa katikati, salamu kushoto, anwani kulia. Marekani iliruhusu mgawanyo huo kuanzia tarehe 1 Machi 1907. Kabla ya hapo upande ule ulikuwa wa anwani peke yake, na salamu ilibidi uzibane pembeni mwa picha. Kwa hiyo hata ile ya asili si ya 1904. Aliyeandika tangazo hakugeuza kadi akaitazama.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu aliniambia nisiwe na wasiwasi, picha ni ileile. Picha ningeipata bure kwenye simu yangu. Nililipia kadi ambayo mtu aliichagua dukani akaipeleka posta. Ile ya mvulana ina stempu ya kijani ya senti moja, na maneno ya penseli kwa herufi kubwa kubwa, za mtu anayemwandikia mtoto anayeanza kusoma. Nyuma yake mlibandika stika ya bei. Niliibandua polepole, kwa subira yote niliyo nayo, lakini iliondoka na neno la mwisho la salamu hizo. Kadi imetunza neno hilo zaidi ya miaka mia, na limepotelea kwenye stika yenu. Tafadhali, bei iandikwe kwenye mfuko wa plastiki.

Sina ugomvi na nakala. Mngeziita nakala na kuziuza shilingi mia mbili, ningewanunulia wajukuu wangu. Lakini Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupewa maelezo anayohitaji juu ya anachonunua, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kuuza kitu kwa maelezo ya uongo.

Naomba mnirudishie shilingi 12,500 za kadi tano, na nauli ya kuzirudisha iwe juu yenu. Tangazo lile, ambalo jana usiku bado lilikuwapo, liondolewe, na wote walionunua kutoka shehena hiyo waarifiwe. Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Kadi tano zimo kwenye bahasha ileile mliyonitumia, pamoja na risiti na picha nilizopiga chini ya lenzi. Nitazikabidhi kwa mtu wa vifurushi siku nitakayopata jibu lenu. Ya mvulana sirudishi.

Wenu,
Mteja wenu wa Mombasa