Wabunge wanaoaga na hatima ya chama chao

Mji wa Kale, Mombasa

Sahibu yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Huku sote tu wazima, na mama yako nilimwamkia Ijumaa, anauliza utarudi lini. Salamu nazifupisha kwa sababu barua yako imenikosesha usingizi. Niliisoma barazani baada ya Isha, nikafika pale unaposema kwamba ukihesabu wabunge wanaostaafu huko Marekani, umeshakijua chama kitakachoshindwa. Maalim alikuunga mkono papo hapo, akasema nahodha mzee akikataa kutweka tanga, abiria na warudi majumbani mwao. Mimi sikuridhika, kwani nahodha huenda ana mgonjwa nyumbani.

Dalili ipo, siikatai. Mwaka 2018 Spika Paul Ryan wa Warepublican alitangaza mwezi Aprili kwamba hatatetea kiti chake, na kabla yake walikuwa wameshaaga wenzake wa chama, Ed Royce na Darrell Issa wa California, ambao maeneo bunge yao Hillary Clinton, mgombea urais wa Wademokrati, aliyashinda mwaka 2016. Novemba ilipofika, Warepublican waliupoteza wingi wao katika Baraza la Wawakilishi, na viti vya wawili hao vikachukuliwa na Wademokrati. Uingereza nako, mwaka 2024, wabunge 75 wa chama cha Conservative hawakugombea tena, akiwemo waziri mkuu wa zamani Theresa May, na chama kikabaki na viti 121.

Lakini hebu mtazame huyo huyo Royce. Alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje, na kanuni ya chama chake humpa mwenyekiti miaka 6 tu, nayo yake ilikuwa inakwisha. Je, aliogopa kushindwa, au hakuona haja ya kurudi kukaa viti vya nyuma baada ya kuongoza kamati kubwa? Naamini yote mawili yalikuwamo, na ndiyo maana hesabu peke yake hainitoshi.

Mwaka 1992 wabunge 65 wa Baraza la Wawakilishi hawakugombea tena viti vyao, wengi wao Wademokrati, na bado Wademokrati wakabaki na wingi. Mipaka ya maeneo bunge ilikuwa imechorwa upya, kulikuwa na kashfa ya benki ya baraza, ambako wabunge waliandika hundi kuzidi akiba zao, na tena sheria ilikuwa imeweka mwaka huo kuwa wa mwisho kwa wabunge wakongwe kuondoka na akiba ya fedha za kampeni kwa matumizi yao binafsi. Kishindo chenyewe kilikuja 1994, walipopoteza viti 54. Na mwaka 2020 Warepublican kadhaa wa Texas waliaga, akiwemo Will Hurd, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameponea kwa kura zisizofika 1,000, watu wakasema chama kimeshaipoteza Texas. Viti vyao vyote vikabaki mikononi mwa chama.

Jambo ninalolishikilia, na nililolirudia barazani hadi kahawa ikapoa, ni kwamba kuaga huko si dalili tu, bali ni sababu pia. Mbunge mkongwe anayeondoka katika eneo lenye ushindani huondoka na jina lake na wale aliowasaidia kufuatilia malipo yao ya uzeeni, ambao humpigia yeye kura hata kama chama chake hawakipendi. Anayeondoka katika ngome hana anachokiharibu. Kwetu Pwani kipimo hiki hakifai kabisa, maana mbunge akinusa hatari haachi siasa, huhama chama.

Kwa hiyo nakuomba, sahibu yangu, unitumie orodha yenye majina na maeneo yao, wala si jumla. Wangapi wanatoka katika maeneo waliyoyashinda kwa kura chache tu? Wangapi wanaacha kiti ili wagombee ugavana au useneta, ambao mimi siwaiti wastaafu hata kidogo? Wenyekiti wa kamati waliofikia ukomo ni nani? Mipaka yao imebadilishwa? Na huyo wa eneo lako mwenyewe, uliyesema ulimsikiza ukumbini akiaga, alitoa sababu gani, na watu waliokaa karibu nawe walimwamini? Maalim anaisubiri orodha hiyo kuliko mimi, basi usikawie.

Wassalam,
Sahibu yako wa Mji wa Kale