Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: sampuli zetu zinaishia wapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Magu. Mimi ni mfugaji na mkulima wa mihogo. Nakuandikia hadharani kwa kuwa njia ya mtendaji wa kijiji, kata hadi wilaya nimeipita mpaka nikachoka.

Mvua za kwanza zikinyesha, mtama uliovunwa huchipua upya. Machipukizi yale yana sumu ya sayanidi, na ng'ombe mwenye njaa akiyavamia anaweza kufa kabla mchungaji hajafika nyumbani kuita watu. Msimu uliopita ilimkuta jirani yangu. Mtaalamu wa mifugo aliwapasua ng'ombe palepale shambani: damu nyekundu ya kung'aa, tumbo limejaa majani mabichi. Akachota ya tumboni, akayatia kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaifunga kwa kipande cha nailoni, ikapakiwa kwenye basi na jua lile la saa nane. Majibu hatujayaona mpaka leo. Na hata yangekuja, yangekuwa na thamani gani? Sayanidi hupotea hewani. Sampuli isipozibwa barabara na kuwekwa kwenye baridi mapema, maabara inaweza isikute kitu. Kijijini, hata hivyo, jibu lilikwishapatikana siku ileile: karogwa. Nyama nayo, nisikufiche, iligawanywa.

Sumu hiyohiyo imo kwenye muhogo mchungu tunaouvundika na kuukausha kuwa udaga wa kusagia unga. Mwaka 1985, ndugu zetu wa Tarime walibanwa na ukame wakafupisha siku za kuuandaa. Watu wakapooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, ambao hauponi. Wataalamu waliopima waathirika walikuta thayosayaneti nyingi, mabaki ya sayanidi ambayo mwili umeshaihangaikia na ambayo hutoka kwa mkojo. Sampuli ya mkojo tu inatosha kuonyesha, Mheshimiwa.

Na si muhogo peke yake. Mwaka 2019, kule Karamoja, Uganda, watu zaidi ya 300 waliugua na watano wakafariki baada ya kula unga wa msaada. Vipimo vya maabara vilionyesha atropini na skopolamini, sumu za mnanaha, gugu ambalo mbegu zake zilichanganyika na soya. Mboni hutanuka, mdomo hukauka, mtu huweweseka. Huku kwetu mgonjwa wa hivyo angeanzia kwenye dawa ya malaria na kuishia kwa mganga.

Mwanza haina uhaba wa maabara. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda, Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo, hospitali ya Bugando tunaijua wote. Shida iko kabla ya mlango wa maabara, na baada yake. Naomba utoe agizo kila kituo cha afya na kila ofisi ya mifugo ya kata iwe na chupa zinazozibika, boksi la barafu na fomu moja inayotumiwa na pande zote mbili, yenye kuuliza mgonjwa kala nini na mifugo ya kwake ina hali gani. Leo daktari haulizi habari za ng'ombe, na wa mifugo haulizi habari za watoto, wakati wote wanakula shamba moja.

Mabwana shamba nao wapewe karatasi za pikrati, za kupimia sayanidi kwenye unga wa muhogo. Unga unatiwa kwenye kichupa pamoja na maji na karatasi hiyo ya njano, kinafungwa, na kesho yake rangi inalinganishwa na kadi. Ikielekea kwenye kahawia, sayanidi imezidi. Kiwango salama kimataifa ni miligramu 10 kwa kilo ya unga. Haihitaji umeme wala mtaalamu kutoka Dar.

Kisha aliyetuma sampuli apigiwe simu, hata kama jibu ni kwamba sumu haikuonekana. Hili la mwisho halina gharama, na ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Mtama umeshavunwa, na vuli huanza Oktoba. Ningeomba agizo litoke kabla ya hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfugaji wa Magu