Nguo Hukatwa kwa Kipimo cha Mwili: Barua ya Wazi kwa Wanamitindo wa Unguja na Pemba

Wanangu na wajukuu zangu mnaotembea jukwaani,

Assalaamu alaykum. Nakuandikieni nikiwa na hasira, na naona ni uungwana kulisema hilo mwanzo kabisa, ili asije mtu akadhani haya ni mawaidha ya bibi aliyekosa la kufanya baada ya Alasiri. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona Mji Mkongwe kwa zaidi ya miaka 40, sare za skuli, mabuibui na magauni ya harusi, na katika miaka ya karibuni wabunifu vijana huniletea kazi zao za maonyesho, kwa hivyo wengi wenu nimekuvisheni kwa mikono yangu na viuno vyenu navijua kwa inchi.

Usiku ulionikasirisha ulikuwa wa maonyesho ya mavazi katika hoteli moja ambayo sitaitaja. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa nyuma ya jiko, harufu ya pilau ikipenya chini ya mlango, na ndani yake walikuwamo wasichana kumi na wanne ambao tangu asubuhi hawakutia kitu mdomoni isipokuwa vipande vya barafu na maji ya ndimu. Mmoja wao, wa miaka 19, alikuwa avae gauni nililolishona kwa kanga za kisutu. Wiki tano kabla ya hapo nilimpima kiuno nikapata inchi 27. Usiku ule gauni lilimning'inia kama lililotundikwa msumarini, na nilipopitisha futi nikapata 24 na nusu. Nilipoinama karibu naye niliona malaika, vile vinyweleo vya mikononi mwake, wamekuwa wengi na laini kama wa mtoto mchanga, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nikamwuliza kama amekula. Akanijibu, "Nimekata tu, bibi, nitakula baada ya shoo."

Hapa lazima nikiri langu kabla sijawashika wengine. Badala ya kumvua lile gauni na kumkalisha chini, nilichukua pini sita nikalibana mgongoni, kisha nikamwambia amependeza. Ndivyo nilivyosema, kwa ulimi huu huu unaotaka leo kukupeni nasaha. Dakika kumi baadaye alianguka kando ya kreti za soda, hata pazia hajalifikia, na sauti ya kwanza niliyoisikia haikuuliza kama anapumua. Ilisema: "Mvueni gauni lisichafuke, avae mwengine." Akavuliwa akiwa sakafuni, gauni likapanda jukwaani kwenye mwili mwengine pamoja na pini zangu sita, na watu wakapiga makofi. Yeye tulimpeleka hospitali kwa gari iliyoleta mboga, akatundikiwa dripu, na daktari akatueleza kuwa sukari imeshuka na potasiamu imepungua kiasi cha kuutia moyo hatarini.

Niliomba nielezwe maana ya maneno hayo, kwa sababu sikutaka kuhofu jambo nisilolijua, na nakuelezeni kama nilivyofahamu. Mwili unaokosa chakula huchoma kwanza akiba yake ya mafuta, na mafuta yakichomwa pasipo wanga hutoa ile harufu niliyoisikia mdomoni mwake. Baada ya hapo hugeukia misuli, na moyo nao ni msuli. Wale malaika wa mikononi huota kwa sababu mwili uliokosa mafuta unatafuta namna ya kujikinga na baridi. Anayejitapisha, au anayekunywa haluli, dawa ya kuharisha, kila siku ili tumbo lilale, hupoteza potasiamu, na potasiamu ndiyo inayouwezesha moyo kupiga kwa mpangilio, ndiyo maana mauti ya namna hii humfika kwa ghafla mtu aliyekuwa anacheka na wenzake. Na aliyekaa siku nyingi bila ya chakula asije akashibishwa kwa pupa na watu wenye huruma, kwa sababu nako kuna hatari yake. Huyo apelekwe kwa daktari arudishiwe chakula kidogo kidogo.

Msinambie kuwa bibi anatisha watoto. Mwezi wa Agosti 2006, huko Uruguay, mwanamitindo Luisel Ramos, mwenye umri wa miaka 22, alishuka jukwaani akaanguka, na moyo wake ukasimama. Novemba ya mwaka huo huo alifariki mwanamitindo Ana Carolina Reston wa Brazil, naye alikuwa na miaka 21. Februari 2007 akakutwa amekufa Eliana Ramos, mdogo wake Luisel, naye mwanamitindo, akiwa na miaka 18. Nyumba moja ilizika mabinti wawili ndani ya miezi saba.

Misiba hiyo iliwazindua wenye kazi zao. Baada ya msiba wa kwanza tu, maonyesho ya Madrid ya Septemba 2006 yalikataa wanamitindo ambao uzito wao kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, haufiki 18, kwa hivyo msichana mwenye urefu wa mita 1.75 alipaswa awe na zaidi ya kilo 55. Ufaransa, tangu 2017, mwanamitindo hafanyi kazi bila ya cheti cha daktari, na mwajiri anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi yuro 75,000 na kufungwa miezi sita. Mwaka huo huo makampuni makubwa ya mavazi ya anasa, LVMH na Kering, yalikubaliana kuacha kuwaajiri wanawake wa saizi 32 ya Kifaransa, iliyo ndogo mno, na kutowavisha watoto walio chini ya miaka 16 mavazi ya watu wazima. Hilo la saizi ndilo lililonigusa mimi fundi kuliko yote, kwa sababu wameona kuwa ubaya huanzia kwenye mkasi.

Na niseme juu ya mkasi, mnivumilie. Shangazi yangu aliyenifunza kazi hakuniruhusu kukata kitambaa mpaka nimuone mwenye nguo akikaa, akiinama na akinyanyua mikono juu kama anayeanika nguo kambani. Alinilazimisha kuacha inchi nzima ndani ya kila mshono wa ubavuni, na nilipolalamika kuwa kitambaa kinapotea alinambia kuwa mwanamke ana mwezi wake, ana mimba yake, ana msiba wake na ana Idi yake, na gauni lazima liwe na nafasi ya yote hayo. Leo mbunifu anaona picha kwenye simu, anakata gauni moja jembamba kabla hajamjua atakayelivaa, kisha anapanga wasichana mlangoni kama viatu vya msikitini ili atazame nani ataingia. Asiyeingia anaambiwa "punguza kidogo." Kidogo gani hicho, na kipunguzwe kutoka wapi? Kufungua mshono na kuushona upya ni kazi ya nusu saa, ilhali mbavu za mtoto wa watu hazina mshono wa kufungua. Mbunifu asiyeweza kupanua gauni lake usiku wa maonyesho amejua kuchora tu, kushona bado, na asimtoze mtu njaa kwa upungufu wa ufundi wake. Nimeyasema haya mbele ya wabunifu watatu niliowashonea, na mmoja hajaniletea kazi tangu siku hiyo, riziki yake na yangu ziko kwa Mungu.

Wapo kati yenu walionijibu kuwa njaa haiwashindi kwa sababu wamezoea kufunga. Wanangu, msiitie saumu katika jambo hili. Saumu ina daku na ina futari, mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula wakalipa siku nyengine, na adhana ya Magharibi ikisikika hakuna anayesubiri kupongezwa kwa kuendelea kujizuia. Huko kujinyima kwenu hakuna adhana. Kila mkipungua inchi moja mnaambiwa bado, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiwasifu.

Wala siwaombi mnenepe. Kuna wembamba wa kuzaliwa, na wasichana wengi warefu wembamba ni wazima kuliko mimi. Ninachotaka mkiangalie ni kinachobadilika: ada ya mwezi ikikatika miezi mitatu mfululizo na hakuna mimba, nenda hospitali, kwa sababu homoni inayoleta ada ndiyo hiyo inayolinda mifupa, na mifupa hujijenga katika umri huu mlio nao. Mkisikia kizunguzungu mnapoinuka, nywele zikitoka kwa mafungu kwenye kitana, baridi ikiwashika wakati wa Kaskazi wenzenu wanapojipepea, pimeni damu. Kwa mwanamke asiye na mimba wingi wa damu chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa ni upungufu. Chakula cha kuwajenga hakihitaji duka la wageni. Mseto wa choroko na mchuzi wa samaki, dagaa wanaotafunwa na mifupa yao, mchicha uliokamuliwa ndimu ili mwili ufyonze chuma chake, dafu na ndizi kwa ajili ya potasiamu, na chai ya rangi isubiri saa moja baada ya kula kwa sababu inazuia chuma. Siku ya maonyesho kuleni ndizi na mkate wa kumimina saa mbili kabla ya kupanda. Tumbo halitaonekana, naapa kwa futi yangu.

Mengine nayapitia kwa haraka kwa kuwa mnayajua. Mkorogo wenye zebaki huharibu figo, na waliotutangulia waling'arisha ngozi kwa singo na liwa bila ya kujibabua. Vidonge vya kunenepesha makalio vinavyouzwa kwa kificho vingi vina steroidi, na steroidi hufurisha uso na kupandisha sukari na presha. Vijana wa kiume, sindano za misuli zinakuhusuni nyinyi, na kujikausha maji siku mbili ili tumbo lionekane vipande ni upuuzi uliovaa suruali. Shisha si chakula. Viatu vya kisigino kirefu vivuliwe mara tu mnaposhuka. Laleni kwa muda wa saa saba au nane kila usiku. Msichana asiende kupigwa picha peke yake, na mkataba usomwe na mtu mwengine kabla ya kutiwa saini.

Lakini kuna jambo lililoniuma pale hospitali kuliko hata ile sauti ya kumvua gauni. Muuguzi alimwuliza yule mtoto nambari ya simu ya mama yake, akakataa kuitoa. Nyumbani walidhani yuko kwa rafiki yake akisoma. Wiki tano alikuwa hali, na alikuwa akiificha sahani yake isiyoliwa kwa sababu hiyo hiyo aliyokuwa akiificha kazi yake: tumeshawaambia watoto hawa kuwa anayetembea jukwaani amepotea, basi akiumwa huko kwenye kupotea atamwambia nani? Mzazi una haki ya kutoridhia, na wapo ninaowaheshimu ambao hawaridhii. Hata hivyo kutoridhia kazi ya mtoto hakukuzuii kumtazama usoni wakati wa chakula. Na sisi wanawake wa barazani tunaomwita huyu "bonge" na yule "mbavu za mbwa", kisha tukamsifu arusini aliyetoka kuugua kwa kumwambia amekata amekuwa mzuri, tuna sehemu yetu pia. Zamani somo, yule mwanamke wa kumfunda mwari, alikuwa akikaa naye siku nyingi, akimpaka, akimlisha, akimwuliza kuhusu mwili wake mambo ambayo mama huona haya kuyauliza. Somo amebaki wa siku moja tu, wa kupiga picha naye, na nafasi yake ya kuuliza imebaki wazi.

Nyinyi mnaoandaa maonyesho, na nyinyi wenye mahoteli ambao huwalipa watoto hawa kwa picha na ahadi, nina sharti langu, nalo nimeshaanza kulitekeleza. Sishoni nguo ya maonyesho mpaka niwe nimempima atakayeivaa, na nikimpima tena akawa amepungua zaidi ya inchi moja, gauni halitoki dukani kwangu. Chumba cha nyuma kiwe na chakula cha moto na maji, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni watu, wala hana habari na nguo. Hata huo wali wa jikoni uliokuwa ukinukia usiku ule, sahani kumi na nne zake hazingewafilisi.

Yule mwanangu ametoka hospitali na yuko kwao. Mama yake alipokuja kwangu tulikaa kimya muda mrefu, kisha nikamkabidhi karatasi ya vipimo vya binti yake, vya kwanza na vya pili, na akazitazama tarehe. Gauni la kisutu limenirudia likiwa na alama za pini mgongoni. Nimefungua mishono yote miwili ya ubavuni, ile akiba ya inchi ipo, na nimelitundika juu ya cherehani bila ya kulishona mpaka aje mwenyewe nimpime.

Ni mimi bibi yenu,
Fundi cherehani, Mji Mkongwe, Unguja