Diski za almasi zinakufa kwa kukosa mshiko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze mafundi wenzangu wa mawe jambo tulilolikosea kwa muda mrefu. Diski ya kukatia graniti ikifa mapema, kauli yetu ya kwanza ni kwamba tumeuziwa almasi feki. Mara nyingi almasi hiyo ni halisi, ingawa imetengenezwa kiwandani, kama zilivyo takriban almasi zote za kazi siku hizi. Kilicholegea ni metali iliyoishika.

Meno ya diski hutengenezwa kwa kuchanganya punje za almasi na unga wa metali, kama vile kobalti, chuma, au shaba na bati, kisha mchanganyiko huo hukandamizwa katika joto kali. Shaba iliyoyeyuka haitandai juu ya almasi. Hujikusanya kama tone la maji kwenye jani la magimbi. Kwa hiyo punje hubanwa tu na metali, ambayo husinyaa kuliko almasi inapopoa. Ikigongwa na jiwe mara kwa mara, huchomoka ingali kali, na hapo ndipo paniumapo, kwa kuwa tumelipia ukali ambao haukutumika.

Dawa ipo. Titani na kromi huungana na kaboni ya almasi yenyewe na kufanya utando mwembamba wa kabidi, ambao metali huukubali na kuung'ang'ania. Viwanda vingine huzipaka punje madini hayo kabla ya kuzichanganya. Vingine huzilehemu kwa nikeli iliyotiwa kromi. Lakini utando ukiwa mnene huvunjika kama kigae, na joto likizidi, hasa penye chuma, kobalti au nikeli, uso wa almasi hugeuka grafiti, ile ile ya penseli.

Naviomba vyuo vya ufundi vifundishe kukagua diski kwa kioo cha kukuzia. Mashimo matupu mengi yanaonyesha kwamba punje zimechomoka. Punje zilizosagika bapa na kung'aa zina maana nyingine kabisa: metali ni ngumu mno kwa jiwe hilo, hailiki upesi ili punje mpya zijitokeze. Nawaomba pia waagizaji wawaulize watengenezaji iwapo punje zimepakwa, na jibu liandikwe kwenye boksi, ili fundi anayenunua Kariakoo ajue analipia nini.

Fundi wa mawe,
Dodoma