Aliyegoma bila notisi naye asikilizwe

Mhariri,

Kila wafanyakazi wanapofutwa kwa pamoja kwa kugoma bila kufuata utaratibu, hapa Malindi utasikia watu wakisema, "Walijitakia." Nami nilisema hivyo miaka mingi. Nilikuwa karani katika ofisi ya wafanyakazi ya hoteli moja ya ufuoni, na barua za kuwafuta watu zilipita mikononi mwangu.

Asubuhi moja wapishi, wahudumu wa vyumba na watu wa bustani walikaa nje ya lango. Mishahara ya miezi 2 ilikuwa haijalipwa na hoteli imejaa wageni. Notisi haikutolewa. Wageni waliamka hakuna chai wala mkate, ikabidi meneja aingie jikoni mwenyewe kukaanga mayai. Saa nane mchana mwenye hoteli akaahidi kulipa, watu wakavaa sare wakarudi kazini, na chakula cha usiku kikaandaliwa kama kawaida. Nikadhani yamekwisha. Kesho yake, baada ya adhuhuri, niliagizwa nichape barua 31 za kuwaachisha kazi. Maneno yalikuwa yale yale. Nilibadilisha jina na nambari ya mfanyakazi tu. Alasiri haijaadhiniwa nilikuwa nimemaliza.

Majina yale hayakuandikwa na mtu aliyesimama langoni akaona nani yupo na nani hayupo. Niliyatoa kwenye karatasi za zamu zilizobandikwa ukutani.

Mzee mmoja wa Ganda, muosha masufuria, alinijia na barua yake. Aliiweka mezani akainyoosha kwa kiganja. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imebabuka kwa sabuni. "Mwanangu, nisomee. Kizungu hiki sikijui." Nikamsomea niliyoyachapa mwenyewe, kwamba siku ile alikataa kufanya kazi. Akanitazama. Siku ile alikuwa kwao, matangani kwa dada yake. Alibadilishana zamu na mwenzake na mpishi mkuu alijua, ila karatasi ya ukutani haikurekebishwa. Swali moja tu lingetosha kuyajua hayo, na hakuna aliyemuuliza.

Sitetei mgomo wa ghafla. Katiba, kifungu cha 41, inatupa haki ya kugoma, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inaeleza njia yake: mzozo upitie usuluhishi kwanza, ukishindikana itolewe notisi ya maandishi ya siku 7. Naona ni sawa, kwani mwenye hoteli naye ana wageni wa kulisha. Kifungu cha 80 cha sheria hiyo kinasema anayegoma kinyume cha hapo amevunja mkataba wake. Lakini kisomwe chote. Kinasema anaweza kuchukuliwa hatua za nidhamu, na kwamba hatalipwa kwa muda aliokuwa kwenye mgomo. Hakisemi afutwe papo hapo. Onyo la maandishi pia ni hatua ya nidhamu.

Halafu kuna Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, ambayo kifungu chake cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama, kisha amsikilize. Kwa lugha anayoielewa! Mzee wa Ganda alipewa karatasi ya Kiingereza.

Waajiri husema haiwezekani kuwahoji watu wengi mmoja mmoja. Inawezekana. Watu 31 kwa dakika 10 kila mmoja ni saa 5 na dakika 10, kazi ya siku moja. Na wale 31 hawakuwa sawa. Alikuwapo aliyezunguka usiku kucha akiwahimiza wenzake. Walikuwapo wasichana wa vyumbani waliotoka kwa kuogopa kuitwa wasaliti. Hata huyo mhimizaji alikuwa akidai jasho lake la miezi 2, na aliyelikalia ni yule yule aliyetia sahihi barua. Jambo hilo nalo lilistahili kupimwa, na pia kwamba walipoahidiwa malipo walirudi kazini siku hiyo hiyo.

Naomba maafisa wa kazi, wakiletewa orodha ya waliofutwa kwa mgomo, waulize kwanza majibu ya kila mmoja yako wapi. Na aliyepewa barua ya aina hii ajue kwamba ana miaka 3 ya kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huketi hapa hapa Malindi. Akishinda, inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Yule mzee hakuna aliyemweleza haya. Mimi niliyeyajua nilimkunjia barua yake nikamrudishia.

Karani mstaafu,
Barani, Malindi