Kasi mbili za elektroni kwenye shaba

Jinja, Jumapili

Kwako ndugu Wafula,

Salamu nyingi, na uwasalimu wote hapo Mbale. Wanafunzi wako wa Sinia Siksi wanaogombana kuhusu kasi ya elektroni kwenye waya wa shaba, mmoja akisema ni chini ya milimita moja kwa sekunde na mwingine akisema ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa sekunde, hawajakosea. Majibu yote mawili ni sahihi, ila kila moja lina swali lake.

Wape kwanza birika la umeme la wati 2,400. Kwenye volti 240 linavuta ampea 10, na waya wa soketi ni shaba ya milimita mraba 2.5. Watafute n, idadi ya elektroni huru: densiti ya shaba, kilo 8,960 kwa mita ya ujazo, igawanywe kwa kilo 0.06355 za moli moja, kisha izidishwe kwa 6.022 × 10²³. Kila atomu hutoa elektroni moja, basi n = 8.49 × 10²⁸ kwa mita ya ujazo. Sasa v = I ÷ (nAe), ambapo v ni kasi, I ni mkondo, A ni eneo la mkato wa waya na e ni chaji ya elektroni moja:

10 ÷ (8.49 × 10²⁸ × 2.5 × 10⁻⁶ × 1.602 × 10⁻¹⁹) = 2.9 × 10⁻⁴ m/s

Haifiki hata theluthi ya milimita kwa sekunde! Mita moja ingekula karibu saa nzima, tena kwa mkondo mnyoofu, usiogeuza mwelekeo. Kwa umeme wetu wa hezi 50, unaogeuza mwelekeo kila mara, elektroni haisafiri kabisa. Inayumba kama mikromita 1.3 kila upande. Birika linawaka papo hapo kwa sababu uga wa umeme ndio unaokimbia, kwa kasi inayokaribia ya mwanga.

Wengi huangukia kwenye A. Milimita mraba ni 10⁻⁶, si 10⁻³. Ukikosea hapo jibu linapungua mara elfu. Na aliyepewa kipenyo akakitumia kama nusu kipenyo atapata robo ya kasi.

Lile jibu kubwa ni kasi ya Fermi, yaani kasi ya elektroni zilizo kwenye ngazi ya juu kabisa ya nishati iliyojaa katika metali. Usiwaache watumie √(3kT/m), ambapo k ni kiwango thabiti cha Boltzmann, T ni halijoto na m ni masi ya elektroni: kwa kelvini 300 inatoa 1.2 × 10⁵ m/s, lakini hiyo ni hesabu ya gesi. Kanuni ya Pauli hairuhusu elektroni mbili kukaa katika hali moja, hivyo zinalazimika kupanda ngazi za nishati hadi elektronivolti 7.0. Geuza kuwa jouli, 1.12 × 10⁻¹⁸, kisha kipeuo cha pili cha 2E/m, E ikiwa nishati hiyo: 1.57 × 10⁶ m/s. Hapa ampea hazina kazi. Hata umeme ukikatika kasi hiyo ipo, ila elektroni zinakwenda pande zote, hivyo mienendo yao inafutana.

Baadaye wape aluminiamu. Mtego wake ni elektroni tatu kwa kila atomu: n iwe 1.81 × 10²⁹.

Wako,
Okello